Pumzi, nyonga na dumu la maji

Mama mmoja wa Karatu ametuandikia kuhusu mwanawe. Kijana huyo ni dereva wa watalii. Huondoka baada ya Alfajiri kupita lango la Lodoare, hushinda ndani ya kreta ya Ngorongoro, na hurejea jioni mgongo umekakamaa. Jioni hiyohiyo, mke na watoto wakimngoja, hutoka kwenda kunyanyua vyuma kwa ajili ya mieleka. Mama anauliza kama huko si kupoteza muda.

Mchezo wenyewe hatuna neno nao. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Mtume (s.a.w.) kumwangusha Rukana, ingawa Tirmidhi hakuiridhia sanadi yake. Saa mbili za kila jioni ndizo zinazotutia shaka, kwa kuwa mwana mieleka hazihitaji.

Kuna tufe la chuma lenye mkono juu, ambalo Warusi huliita girya. Walilitumia kupimia nafaka sokoni kabla halijawa chombo cha mazoezi, na la kawaida lina kilo 16. Hushikwa kwa mikono miwili, likapitishwa katikati ya miguu na kurushwa mbele hadi usawa wa kifua. Linalolirusha ni nyonga. Mikono hushika tu. Mtu husukuma makalio nyuma, kama anayefunga mlango mikono ikiwa imejaa mizigo, mgongo umenyooka, kisha husimama kwa nguvu. Anayeinama kwa kuupinda mgongo, hasa baada ya kutwa nzima ya barabara mbovu, anajitafutia maradhi.

Mieleka hutaka nyonga za kumnyanyua mpinzani, viganja vya kumshika, na pumzi ya kudumu hadi mwisho. Zoezi hili hufunza vyote pamoja. Thamani ya pumzi watu wa Karatu hawahitaji kuambiwa, kwani ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974.

Basi kijana arushe mara 10, apumzike hadi aweze kusema sentensi nzima bila kuhema, kisha arudie. Dakika 15, siku tatu kwa juma, zinatosha. Siku ya mieleka asirushe kabisa, na katika Ramadhani apunguze, afanye baada ya futari.

Asiyepata chuma hicho ana dumu. La lita 10 likijazwa mchanga mkavu hufika kilo 16 hivi. Lakini tunaonya: dumu lisirushwe. Mkono wake wa plastiki haukutengenezwa kwa kazi hiyo, nao ukikatika uani, mbele mna watoto. Dumu ni la kunyanyua kutoka chini taratibu, na la kubeba kwa mkono mmoja hatua 30, mwili usilale upande, kisha kubadili mkono. Kubeba huku wengi hukudharau, nasi twaona ndiko kunakomkomaza mshikaji kuliko zoezi jingine lolote la nyumbani.

Kwa hiyo, mama yetu, usimkataze. Mwambie mazoezi ayafanyie uani, amalize kabla chakula hakijaiva. Na dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20: hatua zake 30 azianzie bombani, aje nazo hadi jikoni.