Saa Mbili za Mtoto wa Mfanyakazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mama mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Arejeapo kazini, mwajiri amepaswa kumruhusu kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku, katika saa za kazi. Wako wanaozihesabu saa hizo kuwa hisani, au hasara kwa uzalishaji mali. Sisi hatukubaliani nao.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Siku 84 hazitimizi hata mitatu. Pengo lililobaki lizibwe na nini, kama si saa hizo mbili?

Maziwa hayo hayamlishi mtoto peke yake. Ndani yake zimo sukari ziitwazo oligosakaridi, ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Hizo ni chakula cha bakteria wema wa utumboni, bifidobakteria. Nao wakishiba, hutoa asidi inayozuia vijidudu vya maradhi visistawi, na husaidia kuifunza kinga ya mwili kumtambua adui.

Huko Malawi walichunguzwa mapacha jozi 317, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Ilionekana kwamba pacha mmoja aweza kupatwa na unyafuzi na mwenzake akasalimika, ingawa wanalelewa nyumba moja. Bakteria wa pacha mgonjwa walipotiwa katika panya, na panya wakalishwa chakula duni mfano wa kile cha Malawi, panya walikonda vibaya. Chakula duni na bakteria wasiofaa vilishirikiana kudhuru. Kwa hiyo baada ya miezi sita uji mtupu hautoshi: mtoto apewe pia maharage, karanga, mboga na matunda, huku akiendelea kunyonya.

Lakini haki iliyoandikwa kitabuni hainyonyeshi. Mama aishiye Mbagala na kufanya kazi Kariakoo aweza kuzimaliza saa zake mbili ndani ya basi. Basi viongozi wa matawi ya wafanyakazi wakae na waajiri, wakubaliane mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, au mama atangulie kutoka jioni. Mtoto akiharisha, mama hushinda hospitali na kazi hulala. Mwajiri anayezibania saa mbili leo, kesho atapoteza siku nzima. Na mtoto aweza kupoteza zaidi ya hayo.