Kovu Lililobaki



Siku chache kabla ya tarehe 21 Mei, mama mmoja mjane alinijia ofisini akiwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha pekee ya marehemu mumewe, aliyepotea katika ajali ya MV Bukoba mwaka 1996. Unyevu ulikuwa umekula shavu la kushoto. "Padre," akasema, "wajukuu wanataka kumwona babu yao kabla hatujaenda makaburini Igoma."

Kijana mmoja wa VIWAWA aliipiga picha ile kwa simu, akaipitisha katika programu ya akili mnemba. Punde si punde ikatoka inang'aa. Mama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole: "Ni kijana mzuri, lakini huyu si mume wangu." Mashine haikuwa imeurudisha uso, ilikuwa imebuni mwingine.

Hapo nikaikumbuka GIMP, programu ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Niliijaribu nikiwa seminarini, nikaiacha. Madirisha yake yalitawanyika kila upande, nami nilitaka matokeo bila kujifunza. Wengi wetu tulikimbilia nakala za wizi za programu za gharama, wala hatukuona haya, ilhali hii ilikuwa huru na ya bure.

Nimeikuta imebadilika. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, madirisha yale yaweza kuunganishwa kuwa moja. Na toleo la 3.0 la Machi 2025 hukuruhusu kurekebisha athari ulizoweka bila kuiharibu picha iliyo chini yake. Hata hivyo, bado ni ngumu. Ilinichukua jioni tatu. Niliweka tabaka jipya juu ya picha ya asili, nikachota rangi ya ngozi kutoka sehemu iliyosalimika, nikaziba madoa moja baada ya jingine.

Juu ya nyusi palikuwa na alama. Nusura niifute. Nikampigia mama simu. "Hilo liache, Padre. Alipigwa na kasia akiwa mtoto, kule Ukerewe." Programu ya simu ilikuwa imelifuta kovu hilo bila kumwuliza mtu.

Siidharau simu, kwa tangazo la harambee yatosha kabisa. Wala si kila mtu ana jioni tatu. Lakini mama huyu amesubiri karibu miaka 30, na kumbukumbu ya marehemu ni amana. Ugumu wa chombo kile ulinilazimisha kujiuliza kila hatua: je, hiki kilikuwapo kweli? Mahali nilipokosa jibu, niliacha doa.

Nawasihi, basi, vijana wetu: katika kabati za nyumba zetu, picha za wazee zinaliwa na mchwa. Jifunzeni kuzitunza kwa uvumilivu, na kabla ya kufuta chochote, waulizeni wenyewe wangali hai.

Mama alipoipokea picha, aligusa lile kovu kwa kidole. "Ndiye," akasema.

Nawatakieni Dominika njema.