Mwasumini Usiochanua

Katika nyua nyingi za mwambao wetu umo mwasumini uliojaa majani mabichi lakini hauna hata tumba moja. Mwenye nyumba huustahamilia mwaka mmijawapo au miwili, kisha huung'oa na kurudi kununua vikuba sokoni. Nawaomba akina mama na dada zetu wasifanye haraka. Mti huu huishi miaka mingi, na mara chache kosa huwa ni uzee wake.

Kwanza litazameni jua. Asumini, ambayo asili yake ni upande wa Bara Hindi, hutaka jua la wazi kwa saa 6 hivi kila siku. Mti uliopandwa kando ya ukuta miaka iliyopita huenda leo umefunikwa na ghorofa ya jirani au mwembe uliokua.

La pili ni mkasi, na hapa ndipo wengi hujinyima. Maua hutoka kwenye vichipukizi vipya, si kwenye matawi makuukuu. Msimu wa maua ukipungua, punguzeni matawi kwa kadiri ya thuluthi moja, na muondoe yaliyokauka na yanayosongamana katikati. Mti utaonekana kama uliofiwa, msihuzunike, utachipua.

Samadi ya mbuzi iliyooza vyema yatosha. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi huleta majani tu. Udongo wetu wa matumbawe nao huweza kuyafanya majani machanga yawe manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kuwa mizizi hushindwa kuyafyonza madini ya chuma, mboji husaidia. Maji ya kisima chenye chumvi ni heri yaachwe. Vidudu vyeupe mfano wa pamba hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Matumba huchumwa alasiri, yakiwa meupe na yamejaa lakini hayajafumbuka, ili yafunguke usiku yakiwa tayari kwenye kikuba.

Na iwapo ni lazima mti ung'olewe, kwa kujenga au kuhama, kateni kwanza vipande vya urefu wa shubiri kutoka matawi yasiyo machanga sana wala magumu. Vichomekeni katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Kitakachoshika mizizi si mti mwingine: ni mwasumini ule ule alioupanda bibi.