Maabara Huanzia Bombani

Mjadala kuhusu elimu ya watumishi wa maabara za maji umepamba moto tena. Wenye shahada wanataka upimaji uwe kazi yao peke yao. Mafundi sanifu wanawajibu kwa kutaja miaka waliyofanya kazi. Waandishi wa toleo hili la jarida nao wamegawanyika hivyohivyo. Nimewasoma wote, na naona pande zote mbili zinamsahau mtu yuleyule: mchukua sampuli.

Wanaotegemea uzoefu peke yake waitazame Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000 maji ya bomba yenye E. koli yaliua watu 7 na kuwafanya wengine zaidi ya 2,300 waugue. Uchunguzi wa Jaji Dennis O'Connor ulibaini kwamba meneja wa maji na msimamizi wa kazi aliyekuwa chini yake walipewa vyeti kwa kigezo cha uzoefu, bila kufanya mtihani. Ikawa desturi yao kujaza chupa ya sampuli mahali pamoja na kuandika jina la mahali pengine. Lakini wenye shahada nao wasishangilie. Maabara ilipima, ikaviona vimelea, kisha ikapeleka majibu kwa shirika la maji tu, bila kuiarifu ofisi ya afya. Mezani pa maabara kipimo kilikuwa sahihi. Watu waliangamia kwa yaliyotendeka kabla na baada yake.

Huku kwetu, chupa hukabidhiwa yeyote aliye karibu: msoma mita, fundi bomba, hata dereva. Kazi aliyopewa si ndogo. Inampasa kuondoa kichujio cha koki, kuusafisha mdomo wa koki hiyo na kuupitisha motoni, kuacha maji yatiririke, kisha kujaza bila kidole kugusa ndani ya kifuniko. Chupa ya maji yenye klorini huwekewa sodiamu thiosalfeti ya kuizima klorini hiyo kabla haijatoka maabara. Asiyefundishwa huiona dawa hiyo ni uchafu, akaisuuza chupa. Klorini iliyobaki inaendelea kuua bakteria ndani ya chupa njia nzima, na mkemia hodari mwenye inkubeta mpya anaandika kwa uaminifu kwamba hakuna kimelea. Shahada yake haiwezi kumwonyesha kilichopotea njiani.

Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017 kimelimaliza suala hili. Kinahesabu uchukuaji wa sampuli kuwa shughuli ya maabara, na kinadai kila anayeathiri matokeo awe na umahiri uliothibitishwa: afundishwe, asimamiwe, apewe idhini, na aendelee kufuatiliwa. Maabara zetu zinazotafuta ithibati hujaza majalada ya vyeti vya wapimaji. Jalada la mchukua sampuli liko wapi?

Kati ya makala za toleo hili, ile ya floridi kutoka Arusha na Meru isomwe na kila anayetumia elektrodi, kwani kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita hakivumilii mkono mzembe. Ya majaribio ya ulinganifu kati ya maabara ni nzuri, ingawa imeanzia pale chupa ilipofika mezani.

Nawaomba wakuu wa maabara wafanye mambo mawili kabla ya kutangaza nafasi nyingine ya mwenye shahada. Kwanza, asitumwe mtu na chupa mpaka ameonekana akiijaza sawasawa mbele ya msimamizi na kupewa idhini ya maandishi. Pili, sampuli isiyo na jina la aliyeichukua, saa na mahali ilipochukuliwa, au iliyofika bila barafu, ikataliwe mapokezi. Vyuo vyetu, kuanzia Chuo cha Maji pale Dar es Salaam, viwafungulie wachukua sampuli kozi fupi yenye mtihani wa vitendo. Mpaka hayo yatendeke, majibu tunayowapa wananchi kuhusu maji yao hatuna haki ya kuyaita ya uhakika.