Meli Ndiyo Barabara ya Ziwa Nyasa

Wako wanaodhani kwamba, maadamu lami imekwisha kufika Mbamba Bay kutoka Mbinga, habari ya meli katika Ziwa Nyasa imekwisha. Fikra hiyo si sahihi, na yafaa isahihishwe mapema.

Katika miaka ya 1890 wakoloni wa Kijerumani walileta ziwani meli ya Hermann von Wissmann. Haikuletwa kumhudumia mwananchi, bali kuimarisha utawala wao. Agosti 1914 Waingereza waliishambulia huko Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhaven. Kwa watawala hao wote, meli ilikuwa chombo cha mabavu.

Uhuru ndio ulioigeuza meli kuwa chombo cha umma. MV Iringa, na baadaye MV Songea, zilichukua wananchi na mizigo yao kati ya Itungi, wilayani Kyela, na Mbamba Bay, zikipitia Lupingu, Manda na Liuli. Haikuwa anasa. Upande wa kaskazini Milima ya Livingstone inateremka hadi majini, na sehemu kubwa ya ufuko huo haina hata nafasi ya barabara. Kwa vijiji vya huko, meli ndiyo barabara yenyewe.

Meli hizo zilipochakaa, Serikali iliunda nyingine hapa hapa nchini: MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000 za mizigo, zilizokamilika mwaka 2017, na MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyozinduliwa mwaka 2021. Hiyo ni hatua ya kujivunia.

Lakini uzinduzi ni kazi ya siku moja. Matunzo ni kazi ya kila siku. Meli inapolala bandarini ikingoja kipuri, mwalimu, mgonjwa na mchuuzi wa dagaa hujitosa katika mitumbwi na boti ndogo, hata katika miezi ya upepo mkali wa mwera. Wanaolipia uzembe huo si walioketi ofisini.

Mkulima wa Kingerikiti naye anahusika, ijapokuwa anaishi vilimani. Barabara humfikisha Mbinga na Songea. Meli humfungulia Kyela na Mbeya. Mwenye njia moja hupangiwa bei. Mwenye njia mbili huchagua soko.

Kwa hiyo tunasisitiza mambo matatu. Ratiba ya meli itangazwe na iheshimiwe. Fedha za matengenezo zitengwe kabla chombo hakijaharibika. Na wanaopanga safari za mabasi washauriane na wanaopanga safari za meli, ili abiria asilale ufukoni bila sababu.

Barabara haifungwi kwa kukosa kipuri. Na meli, iliyo barabara ya wananchi wa Nyasa, isifungwe kwa sababu hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.