Mambo ya Mashine: Pima Kwanza, Ununue Baadaye

Mkulima mwenye mashine ya kusaga mahindi husikia injini ikigonga, akakimbilia dukani kununua beringi mpya za krenki. Akizifunga juu ya krenki iliyolika, mgongo hurudi upesi, naye amekwisha poteza fedha zake. Haraka haraka haina baraka.

Krenki na itolewe, ioshwe, kisha kila shingo izungukayo ndani ya beringi ipimwe kwa maikromita. Pima karibu na ncha zote mbili, na kila mahali mara mbili, kwa njia ya msalaba. Vipimo vya msalaba vikitofautiana, shingo si duara kamili tena. Vya ncha vikitofautiana, imelika upande mmoja. Tofauti ikipita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini, yapasa krenki isagwe. Katika injini nyingi zilizopimwa kwa inchi, hupunguzwa 0.010, 0.020 au 0.030. Ndipo ununue beringi za kipimo hicho hicho.

Tena, kabla ya kufunga, safisha sana matundu ya oili. Unga wa jiwe la kusagia ukisalia humo, utazila beringi mpya, na kazi yote itakuwa bure.