Mbwa Hafunzwi kwa Umeme

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Membley na Kihunguro mjini Ruiru, au Ngoingwa na Section 9 huko Thika, husoma onyo lile lile lango baada ya lango: "Mbwa Kali". (Walimu wa Kiswahili wameshachoka kusahihisha kwamba ni mbwa mkali, wenye nyumba hawasikii.) Tangu barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ifunguliwe mwaka 2012, mashamba ya kahawa yamezidi kugeuka makazi, na penye makazi mapya wezi nao hawachelewi kufika. Sina ugomvi na anayefuga mbwa ili alale salama. Ugomvi wangu ni na kile ambacho mbwa huyo siku hizi hufungwa shingoni.

Nauzungumzia ukanda wa umeme. Ni ukanda wenye betri na ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi, na mwenye mbwa hubaki na rimoti mkononi. Mbwa akibweka bila ruhusa, au akichelewa kuketi alipoamrishwa, kidole hubonyeza naye hupigwa shoti. Ukanda huo una ndugu zake wa zamani: mnyororo wa kukaba na ukanda wa miiba ya chuma. Nimeviona vyote hivi shingoni mwa mbwa wa majirani na wa walinzi wa kukodishwa. Wauzaji hutuambia kwamba shoti hiyo ni kama kuguswa begani tu. Adhabu ya kaburi, wasomaji wapenzi, aijuaye ni maiti.

Tuweke huruma kando kwa muda, tuulize kama chombo hiki kinafanya kazi inayodaiwa. Mbwa hana njia ya kujua kwamba umeme umetoka mkononi mwa mwalimu wake. Huunganisha maumivu na kile anachokiona au kukisikia wakati ule ule. Mtoto wa jirani akipita kwa baiskeli, mbwa akabweka na kupigwa shoti, huenda asijifunze hata kidogo kwamba kubweka ni kosa. Hujifunza kwamba mtoto huyo huja na maumivu. Jambo hilo likirudiwa mara kumi, mwenye mbwa atakuwa amelipa fedha zake ili mnyama wake awachukie watoto.

Hatari nyingine ni kimya. Mngurumo ni onyo: mbwa anasema ameogopa na anaomba nafasi. Anayepigwa shoti kila angurumapo hunyamaza, lakini hofu yake haijaondoka. Kilichoondoka ni onyo. Siku atakayouma, atauma bila kutangaza. Nachelea kwamba atakayeumwa hatakuwa mwizi, bali mtoto aliyefuata mpira uani, kijana aletaye maziwa, au mlinzi mwenyewe anayemlisha. Na katika nchi ambayo bado inapambana na kichaa cha mbwa, ikiwa imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya ugonjwa huo, kila jeraha la meno ni safari ya hospitali na sindano si moja.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbwa 63. Wale waliofunzwa kwa ukanda wa umeme walionyesha dalili zaidi za wasiwasi, na hawakuwashinda kwa utiifu wale waliofunzwa kwa zawadi. Mwaka 2020 wenzao wa Porto, Ureno, walichunguza mbwa 92 na kukuta kwamba waliofunzwa kwa maumivu walikuwa na mfadhaiko mwingi zaidi, hata matemate yao yakathibitisha hivyo.

Huenda msomaji akasema kwamba upole huo unamfaa mbwa wa sebuleni, si wa kazi. Basi na atazame Morogoro, Tanzania. Huko shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akipatia, husikia mlio mfupi kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga. Hakuna shoti wala fimbo. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Hapa kwetu, mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa ujira wao ni mpira wa kuchezea. Ikiwa zawadi yatosha pale ambapo kosa moja ni mauti, vipi isitoshe langoni Ruiru?

Njia yenyewe si ya gharama. Vipande vidogo vya maini au matumbo, masomo ya dakika tano mara kadhaa kwa siku, na zawadi itolewe papo hapo mbwa atendapo lililo sawa. Anayewabwekea wapita njia azoezwe kwanza wakiwa mbali, apewe chake akinyamaza, ndipo wasogee polepole. Anayevuta kamba afungwe ukanda wa kifuani badala ya shingoni. Na atolewe katika kile kibanda cha mabati anamoshinda mchana kutwa kwenye jua! Nusu ya ukorofi tunaotaka kuutibu kwa umeme ni uchovu wa kufungiwa.

Sheria tunayo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama au kumtia hofu kikatili. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti ustawi wa wanyama pamoja na leseni za mbwa. Kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Kiambu halihitaji kungoja Nairobi. Lina uwezo wa kuzipiga marufuku kanda hizi kama Wales ilivyofanya mwaka 2010. Hadi hapo, mwenye nyumba anayekodi mbwa wa ulinzi amwombe mlinzi ayageuze manyoya ya shingoni kabla ya kutia sahihi mkataba. Ncha mbili zikikaa hapo kwa muda mrefu huacha vidonda, na vidonda hivyo huonekana.